Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Arduino, ESP32 na miradi ya kujitengenezea nyumbani

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu mpya anaponunua bodi yake ya kwanza. Yamepangwa kuanzia ya dukani hadi yale yanayomkuta mtu mradi ukishafungwa ukutani. Si lazima usome yote. Nenda kwenye linalokusumbua.

## Kabla ya kununua

Arduino ni nini hasa? Ni kompyuta?

Ni bodi ndogo yenye chipu inayofanya kazi uliyoiagiza, tena na tena, tangu inapopata umeme mpaka unapoukata. Haina skrini, haina faili, haina cha kusubiri iwake. Arduino Uno (toleo la R3), ambayo wengi huanzia nayo, ina chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa megahezi 16, nafasi ya kilobaiti 32 ya kuwekea programu, na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Picha moja ya simu haiingii humo. Lakini kusoma joto, kulinganisha namba mbili na kuwasha pampu hakuhitaji zaidi ya hapo.

Bodi hii ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, katika chuo cha usanifu, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakusomea umeme. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba lazima uwe injinia kwanza, usikubali. Vitu hivi vilitengenezwa kwa ajili ya asiye injinia.

Kuna Uno, Nano, ESP32, Pico. Nichukue ipi?

Kama hujawahi kugusa saketi, chukua Uno. Inatumia volti 5, pini zake (sehemu za kuungia nyaya) zimeandikwa kwa herufi zinazosomeka, na katika toleo lenye chipu ndefu iliyochomekwa kwenye soketi, ukiiunguza chipu unabadilisha hiyo peke yake. Nano ni ileile kwa umbo dogo. Inafaa mradi ukishaiva na unataka kuuficha ndani ya boksi.

ESP32 ichukue pale unapotaka Wi-Fi au Bluetooth: kusoma kiwango cha maji kwenye simu, kuwasha taa ukiwa chumba kingine. Ina nguvu mara nyingi kuliko Uno na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya Uno halisi, ila inatumia volti 3.3 na haisamehe (tazama swali la volti 3.3 na 5). Raspberry Pi Pico, iliyotoka 2021 kwa dola 4, ni nzuri kwa anayependa lugha ya Python. Kwa mtoto wa shule ya msingi ningenunua micro:bit, kwa sababu ina vitufe na taa zake tayari, na programu yake hupangwa kwa kuburuta vipande vya rangi.

Nakala za China zinafaa, au ni feki?

Zinafaa. Michoro ya Arduino iko wazi, yeyote anaruhusiwa kuitengeneza. Kinacholindwa ni jina na nembo. Tofauti utakayoiona ni chipu ya mawasiliano ya USB, ambayo kwenye nakala nyingi huwa CH340 na wakati mwingine inataka draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua). Feki ni ile iliyobandikwa nembo ya Arduino na kuuzwa kwa bei ya Arduino.

Nikifika Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi niulizie nini pamoja na bodi?

Multimita kwanza, hata ile ya bei ya chini kabisa. Bila multimita utakuwa unabahatisha. Kisha ubao wa majaribio wenye matundu, nyaya za kuchomeka za aina zote (zenye ncha pande zote mbili, na zenye tundu upande mmoja), rezista (vipande vya kubana mkondo) za ohmu 220, elfu 1 na elfu 10, LED (taa ndogo) chache, vitufe, na sensa moja tu ya kile unachotaka kupima.

Yale maboksi yenye sensa 37 siyapendekezi. Nusu yake zitakaa kwenye droo. Afadhali pesa hiyo uiweke kwenye chaja nzuri ya volti 5 ya ampia 2 au zaidi. Na usimpite fundi redio wa mtaani: printa iliyokufa ina mota, gia na swichi ndogo ambazo dukani ungelipia.

Hesabu yangu ni mbovu. Nitaweza?

Kugawanya unajua? Basi. Mfano unaojirudia ni rezista ya LED. LED nyekundu hula karibu volti 2. Bodi inatoa 5, zinabaki 3. Unataka mkondo wa miliampia 15, yaani ampia 0.015. Gawanya 3 kwa 0.015, unapata ohmu 200. Dukani hakuna 200, unachukua 220. Pini moja ya Uno isitoe zaidi ya miliampia 20, na hapo ndipo hesabu hii inapokuokoa.

Sina kompyuta. Simu inatosha?

Kwa Uno na Nano, ndiyo, ukiwa na Android na kichwa cha OTG (kinachochomeka waya wa USB wa bodi kwenye simu). Programu ya simu ya ArduinoDroid inaandika na kupakia programu bila kompyuta. Macho yatauma, lakini kazi inakwenda.

## Bodi haisikii

Nimechomeka, kompyuta haioni chochote.

Badilisha waya wa USB kabla hujafanya lingine lolote. Nyaya nyingi zinazokuja na chaja za simu zina nyuzi za umeme tu, hazina za kupitisha data, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Taa ya bodi itawaka vizuri kabisa huku kompyuta haioni kitu. Waya mwingine ukileta matokeo yaleyale, weka draiva ya CH340, kisha angalia kama umechagua mlango (Port) sahihi kwenye menyu ya Arduino IDE, programu ya kompyuta unayoandikia.

Inaonekana, lakini programu inagoma kupakiwa.

Kwenye Uno na Nano, chomoa chochote ulichokiunga pini 0 na 1. Hizo ndizo njia zinazotumika kupakia. Nano za nakala mara nyingi zinataka uchague «Old Bootloader» kwenye menyu ya aina ya chipu. Kwenye ESP32, ukiona nukta zinajipanga baada ya neno «Connecting», shikilia kitufe cha BOOT mpaka upakiaji uanze.

Ninaona herufi za ajabu badala ya namba.

Kasi za mawasiliano hazilingani. Kama programu imeandikwa 9600 na dirisha la Serial Monitor liko 115200, utapata takataka. Zifanye ziwe sawa.

LCD (skrini ndogo ya maandishi) inawaka buluu, haiandiki kitu.

Nyuma yake kuna kipande kidogo cha buluu chenye alama ya skrubu. Kizungushe taratibu mpaka herufi zitokeze. Mara nyingi maandishi yalikuwepo ila yamefifia. Kama bado, anwani ya LCD uliyoandika kwenye programu si sahihi: jaribu 0x27, kisha 0x3F.

Sensa inatoa namba za ovyo.

Anza na GND, yaani upande hasi, volti 0. Kila kifaa chenye chanzo chake cha umeme lazima GND yake iungane na GND ya bodi, la sivyo bodi haina pa kupimia. Kosa hili ni la kila siku.

Kitufe kinachojibonyeza chenyewe kina tatizo jingine: pini yake inaelea, yaani haijashikiliwa na volti wala GND. Andika `INPUT_PULLUP` kwenye programu, unganisha kitufe kati ya pini na GND, na ukumbuke kwamba sasa kikibonyezwa kinasoma sifuri. Sensa ya joto ya DS18B20 ina lugha yake: ikikupa −127, haijaunganishwa, ikikupa 85 isiyobadilika, imepata umeme lakini haijapima. Ile ya −127 mara nyingi humaanisha rezista ya elfu 4.7 kati ya waya wa data na volti 5 imesahaulika au imelegea.

## Umeme

Sehemu hii isome hata kama huna tatizo. Watu hukesha wakirekebisha programu isiyo na kosa, kumbe chaja ni dhaifu.

Mota ikianza tu, bodi inajizima na kuanza upya. Kwa nini?

Mota inapoanza kuzunguka inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Volti inaporomoka kwa kitambo kidogo, na chipu inapoteza fahamu. Hata servo (mota inayogeuka kwa pembe unayoiagiza) ndogo ya buluu, SG90, inaweza kuvuta mamia ya miliampia ikikwama. Mpe mota chanzo chake, unganisha GND, weka kapasita ya mikrofaradi 470 au zaidi karibu na mota. Usiendeshe mota moja kwa moja kutoka kwenye pini. Tumia transista au moduli ya kuendeshea mota, na diodi ya 1N4007 ikae kinyume na mkondo kwenye nyaya za mota, ili umeme unaorudi mota inapozimwa usiiunguze transista.

Ukanda wa taa za rangi za WS2812B ni hadithi ileile. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampia 60. Taa 60 zinakula ampia 3.6. Hakuna bodi itakayobeba hizo.

Betri ya volti 9 ya mraba inafaa?

Kwa kuonyesha darasani kwa dakika tano, sawa. Kwa kazi, hapana. Ina karibu miliampia-saa 500, Uno tupu inakula karibu 50, kwa hiyo ndani ya saa kumi imekwisha, na nguvu nyingi imepotea kwa joto kwenye kipande kinachoshusha volti. Tumia benki ya umeme ya simu. Angalizo: baadhi ya benki hizo hujizima zikiona mkondo mdogo mno.

Betri za 18650 (za lithiamu, za mviringo) nilizotoa kwenye laptop mbovu ni salama?

Zikipimwa. Yenye chini ya volti 2.5 itupe mahali pa taka za betri, usiifufue. Iliyovimba, kuchubuka au kupata moto ikichajiwa, vilevile. Nzuri ina volti 3.7 za kawaida na 4.2 ikijaa. Chaji kwa moduli ya TP4056, ile yenye njia sita za kuunga ambayo ina ulinzi wa kutoisha kupita kiasi. Kamwe usilehemu moja kwa moja juu ya betri, nunua kishikizo.

Tofauti ya volti 3.3 na 5 ina uzito gani?

Uzito wa kununua bodi nyingine. Pini za ESP32 na Pico hazikusudiwi kupokea volti 5. Sensa ya umbali ya HC-SR04 hurudisha jibu kwa volti 5 kupitia pini ya Echo, kwa hiyo unaipunguza kwa rezista mbili: elfu 1 kutoka Echo hadi pini ya bodi, elfu 2 kutoka pini hiyo hadi GND. Theluthi mbili ya 5 ni 3.3, na bodi iko salama.

Nataka kuwasha taa ya nyumbani au pampu ya umeme wa ukutani.

Hapa punguza kasi. Volti 230 hazikupi nafasi ya pili. Rilei (swichi ambayo bodi huiwasha kwa umeme) imeandikwa ampia 10, lakini njia za shaba za moduli za bei rahisi ni nyembamba, nami sizipitishii zaidi ya ampia 2 au 3. Pampu kubwa iendeshwe na kontakta (rilei kubwa ya mkondo mzito), rilei iiamshe kontakta. Kila kitu kiwe ndani ya boksi la plastiki lililofungwa, kuwe na fyuzi, nyaya za ukutani zisikae pamoja na nyaya nyembamba za sensa, na kazi ya upande huo aifanye au aikague fundi umeme. Kama ni taa tu, ukanda wa LED wa volti 12 unatoa raha ileile bila hatari hiyo.

Jambo dogo linalochanganya: rilei nyingi za moduli huwaka pini ikiwa LOW, yaani volti 0. Ukiona inafanya kinyume, haijaharibika.

## Miradi inayoulizwa zaidi

Nitajuaje maji yaliyobaki kwenye simtank bila kupanda juu?

Sensa ya umbali juu ya tanki ikiangalia chini. Inapiga sauti isiyosikika, inapima muda wa mwangwi kurudi. Gawanya mikrosekunde kwa 58 upate sentimita. Toa umbali huo kwenye kimo cha tanki, umepata kina cha maji.

Sasa yale yasiyosemwa kwenye maelekezo mengi. HC-SR04 iko wazi, na chini ya mfuniko wa tanki jua la mchana hutoa mvuke unaoganda juu yake, kutu itaimaliza. Tumia JSN-SR04T, yenye kichwa kisichoingia maji na waya mrefu. Lakini hiyo haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo iinue kwenye kipande cha bomba, la sivyo tanki likijaa itakuambia uongo. Pia isogeze mbali na bomba linaloingiza maji, kwani mawimbi yake huvuruga mwangwi. Soma mara tano, panga namba, chukua ya katikati.

Kama unachotaka ni pampu izime tanki likijaa, boya la swichi mbili linatosha na halihitaji programu hata moja. Nasema hivi nikijua nimejinyima msomaji.

Mashine ya kutotolea vifaranga: Arduino itaweza?

Itaweza, na ni mradi mzuri kwa sababu vifaranga ndio watakaokupa alama. Mayai ya kuku yanataka karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21 katika boksi lenye feni, unyevu wa asilimia 50 hadi 60, kisha uupandishe hadi 65 au 70 siku tatu za mwisho, wakati ambapo pia unaacha kuyageuza.

Usitumie sensa ya DHT11. Kosa lake la nyuzi 2 juu au chini linatosha kuua kundi zima huku skrini ikionyesha 37.5 safi. Chukua DS18B20 kwa joto, au SHT31 kwa joto na unyevu, kisha uihakiki kwa kipimajoto cha homa cha duka la dawa: kimetengenezwa kuwa sahihi katika eneo hilohilo la 35 hadi 42. Viweke pamoja usawa wa mayai, si kwenye dari ya boksi.

Kwenye programu usiwashe na kuzima kwa namba moja, rilei itapigapiga mpaka ife. Washa ikishuka 37.3, zima ikifika 37.7. Chanzo cha joto kiwe balbu ya zamani ya waya au kipashajoto maalumu. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Ongeza thermostati ya kawaida, iliyowekwa nyuzi 38.5, ikate umeme kama rilei itaganda ikiwa imewaka. Kuhusu umeme kukatika, boksi lenye kuta nene na chupa za maji ndani hushikilia joto kwa muda kuliko betri ndogo yoyote itakavyoweza.

Sensa ya unyevu wa udongo imeoza baada ya wiki chache.

Ile yenye miguu miwili ya chuma hupitisha umeme kwenye udongo, na umeme huo hula chuma. Nunua ya aina ya kapasita, bapa, isiyo na chuma kilicho wazi, na upake rangi ya kucha kwenye kingo zake na sehemu ya juu yenye vipande. Ukilazimika kutumia ya zamani, ipe umeme kupitia pini, kwa sekunde moja tu wakati wa kusoma.

SIM800L (moduli ya laini ya simu) haishiki mtandao.

Ni umeme. Inataka volti 3.4 hadi 4.4 na inapotuma huvuta hadi ampia 2 kwa vipigo vifupi. Pini ya 3.3 ya Uno hutoa miliampia 50. Iunganishe na betri ya 18650 moja kwa moja, nyaya fupi na nene, na kapasita ya mikrofaradi 1000 pembeni. Taa yake ikimweka kila sekunde, inatafuta. Kila sekunde tatu, imepata. Kumbuka inatumia 2G pekee: ndugu yako aliye Marekani usimpelekee, AT&T kwa mfano ilizima 2G mwanzoni mwa 2017.

Nipe mradi usio wa shamba wala usalama. Wa kufurahisha tu.

Bao lenye taa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za nane, na kete 64. Toboa chini ya kila shimo, weka taa moja ya WS2812B na sensa moja ya mwanga. Kumbukumbu ya taa zote ni baiti 96, Uno haitasikia. Sensa 32 ni nyingi kuliko pini, kwa hiyo tumia vigawa-njia viwili vya CD74HC4067, chipu inayosoma sensa 16 kwa zamu kupitia pini moja. Pini nne za anwani (za kuchagua sensa) vinazitumia pamoja, na kila kimoja kina pini yake ya kusomea. Jumla pini sita. Zikiwaka zote nyeupe ni karibu ampia 1.9, punguza mwanga hadi robo, na machoni itakuwa bora.

Sensa itakuambia shimo lina kete au ni tupu, haitahesabu ngapi. Hesabu ibebe programu: mchezaji anachagua shimo, taa zinaonyesha kete zinavyopandwa mpaka ya mwisho. Anza na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, kwa sababu kanuni zake ni chache. Namua (hatua ya mwanzo ya kuingiza kete za mkononi) na haki za nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji) ziache mpaka hiyo ifanye kazi, na uwe na mzee wa kuzihakiki, kwani mabishano ya kanuni yatakula muda kuliko waya.

## Mradi ukishakomaa

Mradi unafanya kazi mezani, unakufa ukiufunga ukutani.

Ubao wa majaribio hulegea kwa joto na mtikisiko. Hamishia kwenye ubao wa matundu na ulehemu. Pasi iwe karibu nyuzi 350 kwa lehemu ya kawaida ya bati na risasi; pasha mguu na shaba kwanza, kisha gusa kwa lehemu. Kiungo kizuri hung'aa na kupanda kwa mteremko; kilichojikunja kama tone hakijashika. Fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kula. Wa pwani wapake pia vanishi ya saketi juu ya kila kitu isipokuwa sensa na soketi, kwa sababu hewa ya chumvi huanza na viungo.

Inafanya kazi vizuri, kisha baada ya wiki saba hivi inachanganyikiwa.

Saa ya ndani, `millis()`, hurudi sifuri baada ya siku 49.7. Usilinganishe muda kwa kujumlisha; andika `millis() - mwanzo >= muda`, na vigezo viwe `unsigned long`. Ukiwa hapo, ondoa pia `delay()` ndefu: wakati bodi imelala, haioni kitufe wala tanki.

Kwenye ESP32, sensa ilisoma vizuri mpaka nilipowasha Wi-Fi.

Umetumia pini za kundi la ADC2 (kimojawapo cha vipimavolti viwili vya ndani), ambalo Wi-Fi hulichukua. Hamia pini 32 hadi 39. Zile za 34 hadi 39 ni za kupokea tu, haziwezi kuwasha kitu.

Naweza kuuza ninachotengeneza?

Kifaa kimoja kwa jirani hakina shida, mradi ukumbuke swali la umeme wa ukutani. Ukianza kuzalisha vingi vyenye Wi-Fi au laini ya simu, vifaa vya mawasiliano vinahitaji idhini ya aina (type approval) kutoka kwa mdhibiti wa mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Tumia moduli ambayo tayari ina vyeti vya mtengenezaji na uombe nakala zake siku unayonunua.